Kwa mwenye randa 11: kwa nini hatushibi zana za mkono

Mkuu, umegusa jambo ambalo nimeishi nalo miaka kama 15, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu. Umesema una randa 11, misumeno umeacha kuihesabu, na huwezi kupita penye boksi la vyuma vikuukuu bila kuinama. Umesema pia mbao za meza uliyomwahidi shemeji yetu zimeegemea ukuta tangu mwaka juzi, na sasa umeiona randa ndefu namba 7 (namba za randa ni za ukubwa), usingizi umekuruka. Unauliza: huu ni ugonjwa au ni mapenzi, na kwa nini iwe zana za mkono na si kitu kingine?

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu anayekuambia "hivyo ni vyuma tu" hajawahi kushika msumeno mzuri.

Ninao mmoja wa Disston. Henry Disston alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani, akaanzisha kazi yake ya misumeno Philadelphia mwaka 1840. Nilipoupata ulikuwa mweusi tii, mpini umejaa rangi ya ukutani na grisi iliyokauka. Nikakaa nao jioni mbili, nikikwangua taratibu kwa kipande cha kioo. Chini ya uchafu yakatokea masuke ya ngano yaliyochongwa kwenye mti, na ubavuni pakatokea sehemu moja iliyolika ikawa laini kama kokoto ya mtoni. Sikuelewa mara moja ni nini. Halafu nikaushika kama anavyoushika fundi: vidole vitatu ndani ya mpini, kidole cha shahada kimenyooshwa nje kuelekeza bapa. Kikatua pale pale palipolika. Kuna mtu ambaye kidole chake kililala hapo siku baada ya siku, miaka nenda rudi, mpaka mti ukakubali umbo lake. Simjui, sitamjua, lakini tangu jioni ile kila ninapokata ubao nashika pale alipokuwa anashika yeye.

Kisha lipime bapa lenyewe kwa mikromita. Penye meno ni nene, kuelekea mgongoni linazidi kuwa jembamba. Haikutokea kwa bahati. Walilisaga hivyo ili linapozama ndani ya mbao mgongo usibanwe, na meno yasihitaji kupindwa sana nje kulipisha. Meno yakiisha makali unachukua tupa ya pembe tatu, unayanoa, unaendelea. Misumeno mingi ya siku hizi meno yake yamefanywa magumu kwa moto mpaka tupa inateleza juu yake. Ikifa makali inatupwa. Nadhani hili ndilo lililonishika mimi mwanzoni kabisa. Vitu vingi vinavyotuzunguka vimefungwa, ukivifungua vinakufa. Zana ya mkono inakubali kufunguliwa, kueleweka na kurudishwa kazini na mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda.

Randa ndiyo mfano mzuri zaidi, na wewe unazo 11 kwa hiyo unajua. Mtindo wa chuma tunaoupenda wote ni wa Leonard Bailey, ambaye haki zake za uvumbuzi zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na umbo la msingi halijabadilika tangu hapo: kisu, chuma cha kukibana juu yake, kiti cha mteremko kinachokibeba, gurudumu dogo la shaba la kukishusha na kukipandisha, na kile kijiti cha kukisogeza kushoto au kulia, ambacho kiliongezwa baadaye, miaka ya 1880. Bisibisi moja inafungua karibu kila kitu.

Yangu ya kwanza ilikuwa namba 5, ile ya sentimita 35 na kidogo. Kutu ilikuwa imekula mpaka gurudumu halizunguki. Niliiweka kwenye beseni la maji yenye magadi ya kufulia, nikaiunganisha na chaja ya betri, hasi kwenye randa, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. (Kama hujawahi: usiweke kabisa upande wa chanya chuma kisichoshika kutu, kinaachia kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Na fanyia nje, kwa sababu mapovu yale yana haidrojeni.) Asubuhi kutu ilikuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Nikanyoosha uso wa chini juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene. Nikageukia kisu: kwanza mgongo wake, ile sentimita ya mwisho tu iliyo karibu na makali, mpaka nikaona nyusi zangu humo, halafu mteremko wa digrii 25 kwenye kinoo cha 1000, na ukingo mwembamba wa digrii 30 kwenye kinoo cha 6000. Unajua kisu kimefika kwa kidole: unapitisha gumba upande wa pili unakuta kinyweleo cha chuma kimejikunja ukingo mzima, toka kona hadi kona. Unakiondoa kwa mkanda wa ngozi.

Nikaifunga, nikaweka ubao kwenye jiliwa. Mara ya kwanza haikugusa. Nikazungusha gurudumu robo, bado. Robo nyingine, ikakwaruza vumbi. Nikasogeza kijiti kidogo kulia, nikasukuma, na randa ikatoa ule mlio wa kitambaa cha hariri kinachochanwa. Ganda la mbao likatoka mdomoni limejikunja, refu kama ubao wenyewe, jembamba kiasi kwamba nililiweka juu ya gazeti nikasoma. Ubao ulibaki unang'aa bila kuguswa na msasa. Nilikuwa peke yangu karakanani na nilicheka kwa sauti.

Nimekueleza yote hayo ili ujue kwamba mapenzi yako yana msingi. Kitu unachokipenda kinapendeka kweli. Sitakuambia uone aibu.

Lakini ule mlio, mkuu, niliusikia kwa randa ile moja. Nilipofikisha randa 17 nilikuwa siusikii tena, maana nilikuwa sirandi.

Katikati hapo kuna kitu kinachoitwa jicho. Mashine za umeme zilipoingia karakanani, zana za mkono zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaokula kwa jasho la mikono yao zikabaki hazina mwenyewe. Zikarundikwa kwenye maboksi, pamoja na bawaba mbovu na misumari iliyopinda. Mtu asiyejua anaona chuma. Wewe unaona patasi yenye ganda la feleji lililounganishwa kwenye chuma laini, unaona alama ya Sheffield, mji wa feleji wa Uingereza, chini ya kutu, unaona jina la fundi limegongwa kwenye pua ya randa ya mti, na chini yake jina la aliyemrithi. Jicho hilo linajengwa kwa miaka, na likishajengeka linataka kutumika. Kila unapookota kitu kizuri ambacho wenzako wamekipita, unapata uthibitisho kwamba unajua. Nikijitazama sasa naona sehemu kubwa ya manunuzi yangu ilikuwa ni kununua uthibitisho huo. Zana ilikuja nao kama risiti.

Kuna majaribio mawili yaliyofanywa kwa nyani ambayo yalinisaidia kulielewa jambo hili kuliko mawaidha yote niliyopewa. La kwanza ni la Wolfram Schultz na wenzake, kazi ya miaka ya 1980 na 1990. Walipima chembe za neva zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo, kwa nyani waliokuwa wakipewa tone la juisi. Mwanzoni chembe zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, mchangamko ukahamia kwenye ishara. Juisi yenyewe ilipokuja, ile ambayo nyani alikuwa akiisubiri, chembe zilikaa kimya.

Niliposoma hayo nilifikiria mfuniko wa boksi ambalo sijalifungua. Moyo unadunda pale, mkuu, kabla ya mfuniko kuinuka. Unadunda ukiona picha yenye giza ya rundo la zana na kwenye kona kuna kitu kama mpini wa randa. Nikishaifikisha nyumbani na kuiweka mezani, utulivu mkubwa unashuka, na kesho yake nimeanza kutafuta nyingine. Nilikuwa nadhani ile ni tamaa ya zana. Kumbe zana ilikuwa juisi, mimi nilikuwa nimeshikwa na ishara.

Jaribio la pili ni la Wajapani, Atsushi Iriki na wenzake, lililochapishwa mwaka 1996. Nyani walifundishwa kuvuta chakula kwa reki. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazoamka kitu kinapokuwa karibu na mkono. Baada ya nyani kuitumia reki kwa dakika chache, chembe zile zile zikaanza kuamka kitu kinapokuwa karibu na ncha ya reki, kana kwamba mkono umerefuka mpaka kule. Kila fundi anaijua hali hii bila kupimwa na mtu: ukiranda vizuri husikii mpini, unasikia mbao. Lakini kilichonikaa ni sehemu ndogo ya jaribio lile. Nyani alipoishika tu reki, bila nia ya kuitumia, mkono haukurefuka.

Kwa hiyo naona tuna raha mbili zinazovaa nguo moja. Ipo ya kuwinda na ipo ya mkono. Kwenye maongezi yetu tunazichanganya, tukiulizwa kwa nini tumenunua tunaelezea ya mkono, wakati iliyotusukuma ni ya kuwinda.

Sasa nikueleze siku niliyojiona. Mimi huwa na daftari la zana: tarehe niliyoipata, hali yake, nilichoifanyia. Nyuma ya daftari hilo hilo niliandika kazi nilizomaliza, kiti, sanduku, fremu ya picha. Ni tabia tu, sikuwa na lengo. Jioni moja nilikuwa natafuta kipimo fulani nikajikuta nimefungua pande zote mbili, nikaanza kulinganisha tarehe. Mwaka mmoja nilikuwa nimenunua zana 41 na kumaliza kazi 1, rafu ndogo ya vitabu. Nikajiuliza mwaka ule kulikuwa na nini. Ulikuwa mwaka ambao ajira ilinibana mpaka narudi nyumbani usiku, na mama yangu alikuwa anaumwa. Saa moja ya kukaa karakanani sikuwa nayo. Mwaka uliofuata nilipata nafasi, nikatumia miezi minne kutengeneza kabati la nguo, na katika miezi hiyo yote nilinunua kitu kimoja tu: patasi ya kutobolea ya milimita 8, kwa sababu nilikuwa na ya 6 na ya 10 na tundu lilihitaji 8.

Nililitazama daftari lile muda mrefu. Nilikuwa nanunua saa nisizokuwa nazo. Kila patasi niliyoileta ndani ilikuwa ahadi ya Jumamosi fulani ambapo nitakuwa karakanani, mlango wazi, simu mbali, nachonga kiungo cha mkia wa njiwa taratibu bila kuitwa. Jumamosi haiuzwi popote, patasi inauzwa, basi nikachukua patasi. Na kadiri Jumamosi ilivyozidi kuwa mbali ndivyo patasi zilivyozidi. Ndiyo maana nimekuuliza moyoni tangu niliposoma ujumbe wako: mwaka huu uliofikisha randa 11 ulikuwa mwaka wa namna gani kwako? Hujaeleza, na huna lazima ya kueleza hapa. Lakini kama unazo tarehe, zitazame.

Umeandika pia kwamba "unaziokoa". Neno hilo nimelitumia sana na nalielewa, na ndilo lililoniumiza zaidi.

Chini ya meza yangu ya kazi kulikuwa na kreti la patasi nilizozisafisha miaka ile ya mwanzo. Nilizinoa, nikazipaka mafuta, nikazifunga kwenye magazeti, nikazihifadhi vizuri kwa imani yangu. Nilipolivuta kreti baada ya miaka mitatu hivi, magazeti yalikuwa yamenata. Karatasi ilikuwa imevuta unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma muda wote huo. Nilifungua moja baada ya nyingine. Nne zilikuwa na vishimo vya kutu mgongoni karibu na ukingo, na wewe unajua maana yake: makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, uso mmoja ukiwa na vishimo hakuna makali, kuna meno ya panya. Moja ya hizo nne ilikuwa ya upana wa milimita 38, bapa jembamba, mpini wa mti wa manjano uliokaa mkononi kuliko wowote niliowahi kushika. Ilikuwa imepita mikononi mwa mafundi walioitumia kila siku, ikadumu. Ikaja kufa kwangu mimi niliyesema nimeiokoa.

Sikununua kitu miezi mingi baada ya hapo. Si kwa sababu ya nidhamu, nilikuwa na huzuni tu.

Kuhusu ugonjwa nitakuwa mfupi. Hali ya kununua bila kujizuia madaktari wa akili wanaijua siku nyingi. Emil Kraepelin wa Ujerumani aliitaja zaidi ya miaka 100 iliyopita, na inajulikana kwa jina lenye asili ya Kigiriki, oniomania. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, hauihesabu kuwa ugonjwa wenye jina lake, ila unahesabu ule wa kulimbikiza na kushindwa kuachana na vitu. Mimi situmii majina hayo kujipima wala kukupima. Natumia maswali mawili. Je, unaficha? Kuna kipindi nilikuwa naacha mizigo kwenye buti la gari mpaka nyumba nzima ilale ndipo niiingize karakanani, na mtu ambaye hana tatizo haingizi patasi zake usiku wa manane. La pili, je, unagusa pesa ambayo tayari ina kazi yake ndani ya nyumba, au unakopa? Ukijibu ndiyo kwa la pili, usisubiri ushauri wetu sisi mafundi, tafuta mtaalamu wa afya ya akili uzungumze naye, na uanze kwa kuzungumza na mkeo. Kumwambia mke wangu kulinichukua muda kuliko kukarabati randa yoyote. Alikuwa anajua siku zote. Alichotaka ni kuambiwa.

Wingi wenyewe haukuwa shida, na hapa natofautiana na wanaosema fundi wa kweli anahitaji zana 20. Tazama sanduku la Henry Studley, aliyefanya kazi ya vinanda Massachusetts na kufariki mwaka 1925. Ni sanduku la kuning'inia ukutani, mti wa mahogani, limepambwa kwa mpingo na lulumizi, na ndani yake zimeingia zana zaidi ya 200. Likifungwa ni jembamba, upana wake kama nusu mita tu. Kila zana imechongewa makao yake. Nyingine zimelala juu ya mbao zinazofunguka kama kurasa, nyuma yake kuna nyingine. Nimekaa na picha za sanduku lile saa nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Zana zote hizo, na hakuna hata moja iliyorundikwa.

Ndilo lililonipa wazo la kufanya. Niliamua kutengeneza kabati la ukutani la zana, la kawaida kabisa, bila lulumizi, na kila zana nitakayobaki nayo iwe na kiota chake kilichochongwa kwa vipimo vyake. Isiyopata kiota inaondoka. Ilinichukua miezi mitano. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchagua. Kumbe kuchagua kulijifanya kwenyewe, kwa sababu ukiwa unajenga unakimbilia zana zile zile: namba 5 yangu, namba 4 ya kumalizia, patasi sita, misumeno mitatu, mahati moja, skwea ya kuteleza ambayo Laroy Starrett aliibuni kwenye miaka ya 1870 na hakuna aliyeiboresha kwa maana. Nilipokuwa nachonga kiota cha randa ya nne ya namba 4 niliisikia mikono yangu ikisita. Sikumaliza kiota kile.

Niliacha pia rafu moja kwa vitu ninavyovipenda kwa macho tu. Ipo randa ya kampuni ya Norris ya London, mwili wa chuma uliojazwa mti mwekundu ndani, nzito kama jiwe la kusagia. Siitumii sana. Siioni kama dhambi, na wewe usiache mtu akuambie kwamba kila kitu lazima kifanye kazi ndipo kistahili kukaa. Ila rafu ni moja, na naijua mipaka yake.

Zilizobaki niligawa na kuuza. Nyingi hazikuuma. Zilizouma ni zile nilizozikarabati mwenyewe, na iliyouma kuliko zote ni namba 5 ya pili, nzuri kuliko ile ninayoitumia, ambayo sikuwahi kuirandia hata mita kumi. Nilimpa kijana anayejifunza useremala. Aliipokea kwa mikono miwili, "Shikamoo mzee, asante sana," akaiweka chini kwenye sakafu ya saruji, uso wa chini ukiwa umelala kwenye mchanga. Nilihisi kama nimekwaruzwa mimi. Nikanyamaza. Akaweka ubao, akaichukua, akauranda vibaya, kisu kimeshuka mno, kinang'oa nyuzi. Nikamwonyesha gurudumu liko wapi na lizungushwe upande gani. Akazungusha robo, akajaribu, robo nyingine. Halafu ule mlio ukatoka, na akageuka kunitazama kama vile ni mimi niliyeutoa.

Randa ile sasa ina mikwaruzo mingi na kisu chake kimefupika. Haijapata kutu hata chembe.

Sasa hiyo namba 7 yako. Ukienda kuiangalia, nenda na rula ya chuma iliyonyooka na tochi ndogo. Toa kisu kwanza. Tazama mdomo, hasa kwenye kona zake mbili, maana huko ndiko chuma cha kumimina kinakopasuka. Niliwahi kuuziwa randa ambayo ufa wake ulizibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi nyeusi juu, nikaugundua siku ya pili ya kuisafisha. Kwa hiyo penye rangi mpya kwenye randa kuukuu, kwaruza kwa ukucha. Weka rula kwenye uso wa chini uliouelekeza kwenye mwanga. Randa hiyo ina urefu wa sentimita 56, na kazi yake yote ni kunyoosha. Ikiwa na tumbo au mgongo unaopitisha mwanga mwingi, utaisaga kwa wiki. Kisu kikiwa kifupi si shida, kinapatikana kipya. Kiti cha kisu kikiwa kimevunjika sikio, iache.

Na kuhusu kuichukua au kutoichukua: umesema meza ni ya mita moja na nusu. Randa inanyoosha kwa wepesi ubao wa mara mbili ya urefu wake, kwa hiyo namba 5 uliyonayo itaanza kubahatisha ikipita sentimita 70 au 75, na namba 7 ungeitumia kweli. Basi fanya hivi. Jumamosi hii zitoe zile mbao ukutani, zikate kwa urefu wake, uzibane mbili kwenye jiliwa na uanze kuranda kingo kwa namba 5 iliyonolewa, ukipima kwa rula kila baada ya mipito mitatu minne. Ukifika mahali ambapo kingo zinakaribia kukutana na zinakataa, ukainama ukaona mwanga katikati, hapo simamisha kazi, nawa mikono, nenda kaichukue.